Jani Lililogeuzwa

"Mama, nikiligeuza hili jani, si litakuwa jani la pili?"

Binti yangu aliniuliza hivyo jana usiku, mkasi mkononi. Kazi ya shule ilitaka picha za majani mawili, naye alikuwa amechapa nakala mbili za jani moja. Nilichelewa kumjibu. Nilikuwa nimerudi maabara, katika ule usiku wa kielelezo cha tatu.

Makala yetu ilikuwa imeshachapishwa, jina langu likiwa la pili. Nilikuwa natayarisha slaidi za mkutano, na kichwani nilikuwa na utafiti wa mwaka 2016 wa mwanabiolojia Elisabeth Bik na wenzake. Walikagua kwa macho makala 20,621 kutoka majarida 40, wakakuta asilimia 3.8 zina picha zilizorudiwa isivyofaa. Tangu niusome, jicho langu lilikuwa halitulii.

Likatua kwenye kielelezo cha tatu cha makala yetu, kwenye safu ya aktini, ile protini tunayoipima kuthibitisha kwamba kila kisima cha jeli kilitiwa sampuli kiasi kilekile. Bendi sita nyeusi, yaani alama ambazo protini huacha kwenye picha. Ya tano ilikuwa na mkwaruzo pembeni, umepinda kama ndoana. Ndoana ile nilikuwa nimeiona, ila ikielekea upande wa pili.

Nikafungua makala ya maabara yetu iliyotangulia. Nikaikata safu yake ya aktini, nikaigeuza kulia kushoto, nikaipunguza wino hadi ikapitisha mwanga, kisha nikaisogeza taratibu juu ya ile yetu. Bendi zikakaa juu ya bendi. Ndoana ikaingia katika ndoana. Hata punje ya vumbi chini ya bendi ya pili ilipata mwenzake. Seli tofauti, dawa tofauti, miaka miwili katikati, na vumbi lilelile. Niliisogeza pembeni, nikairudisha, nikaisogeza tena, nikiomba safari moja tu ikatae kukaa.

Aliyeitengeneza picha ile ndiye aliyenifundisha kushika pipeti. Asubuhi nilimwekea mbele, wala hakubisha.

"Filamu yenye picha ya jaribio lile ilipotea, dada. Matokeo yalikuwa hayohayo. Nilijaza pengo tu."

Tukamwandikia mhariri. Miezi ikapita kwa barua na vikao, kisha makala ikabatilishwa kwa tangazo la mistari minne. Kila ukurasa ukagongwa neno jekundu la kuifuta. Yeye akaondoka, na mimi nikafuata mwaka uliofuata.

Kabla sijaondoka tulilirudia jaribio mara tatu. Mara mbili lilitoka kama alivyosema, mara moja halikutoka. Hiyo moja bado inanikosesha usingizi, na zile mbili vilevile. Kama alikuwa amesema kweli, basi kweli yenyewe aliivika ushahidi wa kitu kingine, na sisi wote tukaweka majina yetu chini yake bila kuomba kuiona filamu. Mimi sikuomba. Mwezi uliopita nimekuta makala mpya imeinukuu ile yetu, kana kwamba neno jekundu halipo.

"Mama?"

"Ukiligeuza, mwanangu, andika chini yake kwamba ni jani lilelile."

"Sasa si mwalimu atajua nina jani moja tu?"

"Atajua."

Akalitazama jani, akanitazama mimi, mkasi ungali wazi.