Kanuni Haipendi Umande

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri niko uani na tochi, nahesabu hasara. Jana usiku walikaa hapa watu tisa wa taarab na ala zao: fidla mbili, udi, akodioni, dumbaki na rika. Kila mtu alikuja na miguu miwili, na kila kiti kina minne. Kitalu cha mrehani kilicho karibu na karo kimekanyagwa, miche kumi na moja imelala chali. Mwenye kosa namjua bila kumuuliza. Ni wa akodioni, maana akikolea huegemea nyuma na miguu ya kiti chake ikazama mchangani. Alama zake hizi hapa, mbili, ndefu kama za kwato.

Nikiulizwa kazi yangu husema mwalimu mstaafu, kwa sababu jibu hilo halizai maswali. Nilifundisha Kiswahili miaka 32. Tangu nistaafu nina kazi mbili zisizo na mshahara. Moja ni kulima maua ya vikuba, vile vishada vinavyonukia ambavyo wanawake huvaa kifuani, kwenye kiwanja changu hapa Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja. Ya pili ni kuzunguka na faili la kikundi kimoja cha taarab asilia: kuandika barua, kusoma mikataba kabla wazee hawajatia saini, kudai malipo. Wenye heshima zao huniita mtetezi wa sanaa. Mjukuu wangu huniita bibi wa barua.

Kazi hizi mbili zilikuwa zikielewana vizuri, mpaka mwenye chumba tulichokuwa tukifanyia mazoezi alipokigeuza cha kulaza wageni. Sikumlaumu, nyumba ni yake. Nikasema kwa kiburi cha mwenye ua, "Njooni kwangu." Huu mwezi wa tatu.

Namwagilia kabla jua halijatoka. Kaskazi inavuma, mvua ya vuli imeshasahaulika na masika bado. Ardhi yangu ni kichanga, maji ukiyamwaga yanapotea kama mshahara wa mwalimu. Wenye kinongo, ule udongo wenye rutuba, hawajui walichojaaliwa. Dawa yangu ni makumbi ya nazi: nayafukia kulizunguka shina, yananywa maji na kuyatoa kidogo kidogo, kisha juu natandaza majani makavu. Maji ya bomba kwetu hutoka usiku, saa sita au saba, siku yakipenda. Kwa hiyo ninachomwaga alfajiri ni kile nilichokesha nikikikinga.

Asumini kwanza, maana zina kazi jioni. Kisha mrehani uliosalimika, mpachori, mlangilangi, na mkadi kule pembeni, ambao haujali kitu. Wa mwisho ni mkilua, na hapo hukaa. Mkilua ni jamaa ya mtopetope na mstafeli, na ukilitazama jani utasadiki. Ua lake si la kujionyesha, unaweza kulipita usilione, lakini pua haitakosa. Wataalamu wa mimea walipoupa jina la Kilatini hawakuhangaika, walichukua neno letu wakaandika Mkilua fragrans, yaani mkilua unaonukia. Wangu nilioupanda kwa mche niliopewa na mama mmoja wa Makunduchi ulinikalisha miaka mitano bila ua hata moja. Zamani majirani zangu watatu walikuwa nao. Mmoja amejenga mabanda ya duka, mmoja amemwaga saruji ua mzima gari lipate kugeuka, na wa tatu wanawe wameuza.

Saa moja, chai na mkate wa kumimina uliobaki. Najaribu kuinua miche iliyolala kwa vijiti vya makuti. Saba huenda ikapona.

Saa mbili na robo nipo ndani ya daladala ya 502, faili mapajani na kitawi cha mrehani ndani ya mkoba, mazoea tu. Kijana aliyekaa pembeni yangu anatikisa kichwa, visikizi masikioni, na fidla inavuja kidogo. Ni taarab ya kisasa, ya kinanda cha umeme na mipasho. Wenzangu wengine huinanga. Mimi siioni adui. Inajilipia ukumbi, jambo ambalo sisi limetushinda.

Ofisi ninayokwenda siitaji. Ina ukumbi mdogo wenye dari nzuri na madirisha yanayofungika, na kuanzia saa tisa na nusu alasiri hauna mtu. Miezi miwili iliyopita niliandika kuomba tuutumie jioni tatu kwa wiki, tukiufagia wenyewe. Leo ni mara yangu ya nne kufuatilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuiangalia barua yetu."

Binti wa masjala ni mpole. Anafungua daftari, anashuka na kidole. Barua imepokewa, imepewa namba, imepelekwa. Imepelekwa wapi? Anasoma, anasita, anasoma tena. "Kwa mwanasheria, mama."

Tukatazamana. Nikamwomba anisomee kichwa cha barua yangu kama kilivyoandikwa daftarini. Akasoma: Ombi la ukumbi kwa ajili ya kanuni. Nilikuwa nimeandika "kanuni na fidla", lakini nafasi ya daftari ni ndogo, fidla imekatwa. Basi mtu mwenye akili zake aliona neno kanuni, akaona hapa pana sheria, akaipeleka panapostahiki. Na mwanasheria naye, Mungu ampe afya, ameandika dokezo pembeni: "Kanuni zinazokusudiwa hazikuambatishwa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Miaka 32 nawafundisha watoto maneno yenye maana zaidi ya moja, kisha nimenaswa na moja kati ya hayo.

Nikaeleza. Kanuni ni ala, mwanangu, kama ubao umelazwa mapajani, nyuzi zake ni sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na hupigwa kwa vidole viwili vilivyovishwa pete. Inasemwa Seyyid Barghash ndiye aliyempeleka mtu Misri akajifunze kuipiga. Akaniuliza kwa adabu, kwani sisi ni taarab gani, zile za spika kubwa? Maana bosi ataogopa kelele. Nikamwambia hapana, ni ile Siti binti Saad aliyokwenda nayo Bombay kurekodi mwaka 1928, haina spika, mtoto analala.

Katika kutafuta kalamu mkoba ukafunguka. Binti akainua uso. "Mama, una mrehani?" Akasema bibi yake wa Jambiani alikuwa akimtia mrehani kichwani kila Ijumaa, na tangu afariki hajaushika. Akaomba mche. Nikamjibu mche hautoki mpaka barua itoke. Msiseme ni rushwa, mche wenyewe nimemwambia ukweli, jana umekaliwa na akodioni.

Barua imeondoka kwa mwanasheria mbele ya macho yangu, imeandikwa upya kwenye daftari kwa mkono mwembamba: Ukumbi, mazoezi ya muziki. Nirudi Jumatatu.

Saa tano nampitia ustadhi wetu wa kanuni, ghorofa ya tatu huku Mji Mkongwe, ngazi ambazo magoti yangu yanazijua moja moja. Hana hamu ya mazungumzo mpaka aifunue kwanza. Kanuni inalala chini ya kitanda, imeviringishwa kanga mbili na blanketi. Ananionyesha mahali gundi ilipoachia mwaka juzi, na pale ngozi chini ya daraja inapolegea hewa ikiwa nzito. Hii ndiyo sababu hajaileta kwangu hata usiku mmoja. "Bibi, wewe huutoi mkilua wako ukaupanda barazani. Na mimi siitoi hii ikalala nje. Kanuni haipendi umande." Sikuwa na jibu. Miezi mitatu tunafanya mazoezi ya taarab bila kanuni, kama biriani bila zafarani.

Watu hupenda kuuliza sanaa hii ina hali gani, na wanaouliza huwa wanataka nilie au nijisifu. Baada ya wiki mbili Ngome Kongwe itajaa, Sauti za Busara inakuja, tamasha la muziki la Februari lililoanza 2004, na hapo kila mtu atatupenda. Sina neno na tamasha, ni jambo kubwa na linawalisha watu. Lakini tamasha ni siku ya kuvuna. Vikundi vikongwe vya taarab vipo, Ikhwani Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na katika sababu zilizowaweka mimi naiona hii: wana klabu. Wana mlango, ufunguo, na ukuta wa kutundika udi. Kijana akitaka kujifunza anajua abishe wapi. Kwangu abishe wapi, kwenye kitalu?

Nikishuka ngazi simu inaita. Hoteli moja ya ufukweni inataka "taarab kidogo" wakati wa chakula cha usiku, kwa muda wa saa moja, bila mwimbaji, kwa sababu maneno huwakatiza wageni mazungumzo. Malipo? "Watakula vizuri sana, mama." Nikamuuliza kama mpishi naye hulipwa kwa nyimbo. Akasema atanipigia. Hatanipigia.

Saa sita hadi saa tisa sina la kusimulia. Sala, wali na mchuzi wa papa, usingizi wa feni.

Saa kumi alasiri ndiyo saa yangu. Shaaban hii harusi zimefululizana, kila mwenye posa anataka kumaliza kabla ya Ramadhani, na leo nina vikuba 40 vya kutoa kabla ya magharibi. Asumini huchumwa ikiwa bado imefumba, nyeupe, imejaa kama punje ya mchele uliopikwa. Ukichuma mapema sana haitafunguka, itanyauka hivyo hivyo ilivyo. Ukichelewa itafungukia mtini, na usiku itakuwa imemnukia mwezi badala ya mvaaji. Nafasi uliyonayo ni kama saa moja na nusu. Kwa hiyo hatuzungumzi, mimi na mjukuu na majirani wawili, tunachuma kila mmoja na kikapu chake, na mbu wanajua hatuna mikono ya kuwapiga.

Kisha mkekani. Mrehani unakuwa mgongo wa kikuba, mkadi unachanwa membamba, asumini zinatungwa kwa sindano, na katikati kilua kimoja. Kimoja tu, leo nimepata 26. Vikuba 14 vimekwenda bila kilua, na nimewaambia wenye harusi waziwazi, nikapunguza bei. Jirani yangu akasema nani atajua? Atajua bibi mmoja mzee atakayeinamisha kidevu kifuani katikati ya wimbo. Kumbi siku hizi zimejaa maua ya plastiki, viti vimevikwa, nguzo zimevikwa, sawa, yanafutwa vumbi na kurudiwa. Lakini sijaona bado mwanamke aliyekwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, na plastiki kifuani.

Kijana wa harusi akafika saa kumi na mbili na robo na sinia mbili. Vikuba vimefunikwa kitambaa kibichi, bado vimefumba. Vitafunguka huko, ngoma ikianza.

Baada ya isha wakaja wenyewe. Safari hii nilikuwa nimezungushia kamba kitalu, nikafunga na matambara mekundu kama barabara inayotengenezwa. Akodioni akaitazama kamba, akanitazama mimi, akachukua kiti chake mpaka kule kwenye saruji ya karo bila kusema kitu. Nilimpelekea kahawa yeye kwanza.

Ustadhi alikuja, mikono mitupu kama kawaida. Wimbo ni mpya, una bashirafu fupi mwanzoni, yaani ala tupu bila maneno, na pana mahali fidla zinanyamaza ili kanuni ipite peke yake. Wiki iliyopita fidla hazikunyamaza. Wapigaji ni vijana, hawajawahi kuisikia kanuni ndani ya wimbo huu, watampishaje mtu ambaye hayupo? Basi usiku huu, ilipofika hapo, ustadhi aliinua kidole, akafumba macho, akaiimba kanuni kwa mdomo. Ti-ri-ri-ri, sauti ya mzee wa miaka zaidi ya sabini, inapanda, inatetemeka juu, inashuka ngazi ndogo ndogo mpaka chini, na vidole vyake vinachezacheza juu ya mapaja. Fidla zikanyamaza. Dumbaki ikabaki inanong'ona. Wakarudia mara tano, na mara ya tano yule kijana wa fidla ya pili alishusha upinde kabla kidole hakijainuliwa.

Mwimbaji wetu alikwama kwenye ubeti wa tatu, mizani ilizidi moja. Hilo ni kosa langu, nimeutunga mimi. Tukaondoa "na" ikatosha.

Saa nne na nusu viti vya chuma vilikuwa vimeanza kulowa. Walipoondoka nilipita na tochi. Hakuna mche mpya ulioanguka. Miwili kati ya ile iliyolala imesimama yenyewe, mmoja nimeutia kwenye kopo la maziwa, udongo na mboji nusu kwa nusu, wa binti wa masjala. Jumatatu nitakwenda nao, barua iwe imetoka au haijatoka, lakini yeye simwambii.

Saa saba kasoro dakika kumi. Bomba limekohoa mara mbili, likatema hewa. Nimepanga ndoo sita.