Nilivyofanikiwa kufuga ute wa njano wa kwenye magogo, bila maabara ya maana

Watu wakikutana na ule ute wa njano juu ya gogo lililooza kipindi cha masika wanasema mengi, huyu atakwambia ni usaha wa mti, yule atakwambia kuna mtu kamwaga dawa pale usiguse. Mimi ni labteki wa sekondari moja hapa Morogoro, nimeufuga muda mrefu sasa kwenye zile kontena za plastiki za kubebea chakula, na kila nikiweka picha statasi naulizwa maswali yaleyale, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja.

Kwanza huyu jamaa, Kiingereza wanamwita slime mould, sio fangasi. Zamani alipangwa huko kwasababu anatoa spora, yaani vile vichembe vya uzazi kama vumbi, lakini kiukweli ni ndugu wa amiba, yuleyule tunayemfundisha darasani, tofauti ni kwamba ute wote huo unaouona hata ukiwa mpana kama kiganja ni seli moja tu, seli MOJA, ina viini kwa mamilioni na hakuna ukuta wa kuvitenganisha. Na anatembea. Kama sentimita moja kwa saa hivi, akiwa na hali nzuri anapita hapo, na njiani anameza bakteria, hamira, spora za fangasi, chochote laini. Kwahiyo yule unayemkuta juu ya gogo hali gogo, anakula wanaolila gogo.

Wa kwangu nilimtoa kwenye rundo la maranda yaliyooza nyuma ya karakana ya seremala, huku chini ya Uluguru mvua zikianza hukosi. Angalia pia chini ya magogo na kwenye migomba iliyokatwa ikaachwa. Usimkwangue, chukua na kipande cha mti alichokalia, funga na tishu iliyolowa, mweke mbali na jua.

Sasa makazi. Hapa ndio wengi wanapoharibu maana wanadhani kumtunza ni kumlisha. Anatembea juu ya aga, ule unga wa mwani unaogandisha maji kama jeli. Aga yangu haina kitu ndani, ni maji na aga basi, gramu 15 kwa lita moja. Aga ya maabara bei yake haisemeki, natumia ya unga ya maduka ya wapika keki, ile isiyo na sukari wala rangi, nachemsha mpaka iwe angavu, namimina kimo cha nusu sentimita, naacha igande na kifuniko juu. Ukitia sukari au supu au vile virutubisho vya kuoteshea bakteria umealika ukungu wote wa mtaa na hao wanakua haraka kuliko yeye. (Jamaa yangu wa Paje aliposikia aga inatoka kwenye mwani akasema nitakuletea gunia bure, bahati mbaya mwani wanaolima Zanzibar, Eucheuma na Kappaphycus, unatoa karajinani, sio aga, ni kitu kingine.)

Chakula ni oats za uji, zile bapa. Zilaze friza kwanza maana huwa zina utitiri, na utitiri ukiingia kwenye kontena kazi imeisha, unatembeza spora za ukungu kila kona. Weka chembe mbili tatu tu, akizimaliza ndio unaongeza.

Kumsafisha ndio siri yenyewe, maana unapomtoa porini anakuja na takataka zote. Sijawahi kutumia antibayotiki. Kipande cha mti naweka mwisho mmoja wa kontena, oats mwisho mwingine, katikati aga tupu, halafu namwacha gizani avuke mwenyewe. Akivuka anaacha uchafu mwingi nyuma. Ule ukingo wa mbele uliotanuka, wenye njano iliyoiva, ndio msafi kuliko kwingine, naukata na wembe niliopitisha kwenye moto, kipande cha mraba pamoja na aga yake, nahamishia kontena mpya. Narudia hivyohivyo mpaka nione nyuma yake aga imebaki angavu bila vidoti vya bakteria. Ni kazi ya subira lakini haina gharama.

Kontena zinakaa kabatini ndani ya nailoni nyeusi, kifuniko kisikaze sana apate hewa. Joto la nyuzi 22 mpaka 25 linamtosha, miezi ya joto kali namshusha shelfu ya chini kabisa na kitambaa kibichi juu.

Kitu cha kuona kwa macho yako sasa. Weka kontena chini ya darubini, lenzi ndogo kabisa, tafuta mshipa mmoja mnene. Utaona chembechembe zinakimbia upande mmoja kwa fujo, zinapungua, zinasimama kabisa, halafu zinarudi zilikotoka, zinakaa hivyo kama dakika moja zinageuka tena. Yaani darasa zima lilipiga kelele. Mwili wote unabana na kuachia, ndio unavyojisukuma.

Na akipita anaacha utando mwembamba unaong'aa. Mwaka 2012 Chris Reid na wenzake walionyesha kuwa Physarum polycephalum, ute wa njano unaofugwa sana maabara, anautumia utando huo kujua alishapita wapi, anaukwepa. Kwangu naona kabisa, kontena ikishajaa njia zake za zamani anaona heri apande kifuniko kuliko kurudi. Ndio maana nasema mhamishie aga mpya mapema, usisubiri.

Habari ya treni nayo mnaijua, Wajapani mwaka 2010 walipanga oats kwenye nafasi za miji inayoizunguka Tokyo, akachora mtandao unaokaribiana na reli zao. Wanafunzi wakataka tujaribu na reli yetu ya SGR. Tukapanga Dar, Moro, Dodoma, Tanga, na Dar Moro Dodoma akaziunganisha kwa mshipa mmoja mnene, Tanga akaifikia kwa kupitia Moro, wa Tanga wakagoma kukubali. Lakini tusimpe akili asizonazo, ubongo hana. Bomba linalopitisha ute mwingi linanenepa, linalopitisha kidogo linakonda mpaka linakufa, basi, hesabu inajifanya yenyewe.

Ukitaka spora mnyime chakula halafu mtoe kwenye mwanga. Wa kwangu alitoa vichwa vidogo vya kijivu vyenye vumbi la chokaa juu na spora nyeusi ndani, hiyo chokaa ikanionyesha ni wa kundi la Physarales, ndimo alimo na yule Physarum. Ila kipande kilichotoa spora hakirudi kuwa ute, kwahiyo weka akiba pembeni kabla ya kujaribu.

Likizo je? Namlaza. Naweka karatasi ya kuchujia iliyolowa juu ya aga, anapanda, naihamisha kwenye kontena tupu bila oats, kifuniko wazi kidogo, giza, inakauka taratibu siku kadhaa. Ikikaushwa haraka juani anakufa, lazima iwe taratibu. Anageuka gamba gumu la rangi ya chungwa, unaweka kwenye bahasha ya kaki, miezi inapita hana shida.

Hivyo ndivyo nilivyowatumia walimu wa Iringa na Mbeya, bahasha kwa basi. Ukiipokea kata kipande, kiweke kwenye aga gamba likiangalia juu, dondoshea maji matone mawili, funika, giza. Usiweke oats siku hiyohiyo, zitaota ukungu kabla hajaamka. Ukishaona ukingo wa njano umeanza kutoka kwenye karatasi ndio umwekee, chembe moja, na isimguse.