Alasiri ya lami kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke

Mvua za El Niño zilizonyesha kuanzia mwishoni mwa 1997 hadi miezi ya mwanzo ya 1998 ziliiacha barabara ya kutoka Mombasa kuja Malindi ikiwa imejaa mashimo, hata madereva wakazoea kupita pembeni juu ya mchanga kila palipopatikana nafasi ya gurudumu. Maji yalikuwa yameingia chini ya lami na kuuondoa udongo ulioibeba, na kila lori zito lililopita likabomoa kipande kingine. Mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kuziba mashimo hayo kwa viraka, naye akaajiri vibarua kutoka Gede, Msabaha na Malindi mjini, nami nikiwa miongoni mwao, kijana aliyemaliza shule na kutafuta kazi yoyote ya halali. Nilipewa bendera mbili, nyekundu na ya kijani, pamoja na kizibao cha rangi ya machungwa kilichokuwa kimeshavaliwa na wengine kabla yangu, kikaingia lami kifuani na mgongoni hadi mikanda yake ya kuakisi mwanga ikafunikika.

Sehemu tuliyoifanyia kazi siku ninayoisimulia ilikuwa baina ya Mida na Gede, pale barabara inapopita ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu uko upande wa magharibi. Asubuhi barabara nzima hupigwa na jua na kila kitu huonekana, lakini ikifika alasiri kivuli cha miti huilalia lami, na dereva anayetoka penye mwanga mkali akaingia kivulini hupita kwa muda mfupi bila kutambua vizuri kilichoko mbele yake. Nyapara wetu, mzee aliyekuwa amefanya kazi za barabara tangu ujana wake, alilijua jambo hilo na alikuwa ameshaomba tupewe vibao zaidi vya tahadhari. Tulichokuwa nacho ni kibao kimoja cha bati, matawi yaliyokatwa porini na kutandazwa barabarani kama wafanyavyo madereva gari linapoharibika, na mimi na bendera zangu, hatua chache tu kutoka penye shimo.

Inafaa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wapitao garini huiona kwa dakika moja tu na kudhani ni watu wanaomwaga kokoto. Kingo za shimo hukatwa kwanza kwa sururu hadi zisimame wima, kisha maji na vumbi huondolewa kwa ufagio mgumu, kisha lami ya moto hupakwa chini na kandokando ili kiraka kishikane na barabara ya zamani, ndipo mchanganyiko wa kokoto na lami humwagwa na kushindiliwa. Katika hatua zote hizo mfanyakazi huwa ameinama, uso chini, mgongo ameuelekezea magari, na masikio yake yamejaa mngurumo wa mashine ya kushindilia. Hana namna ya kujilinda. Amewaachia wengine macho yake na masikio yake, na hao wengine wasipopewa nafasi na vifaa, ameachwa peke yake hata kama wamesimama karibu naye.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mama mmoja wa Kigiriama alikuwa akifagia shimo la mwisho la siku, na kaka mmoja wa Msabaha alikuwa amesimama kando ya pipa la lami lililokuwa jikoni, juu ya mawe matatu, ukingoni mwa barabara. Basi lilitokea kwenye kona kutoka upande wa Mida. Niliinua bendera nyekundu na kuipunga kwa nguvu, nikapiga kelele, na nyapara naye akapiga kelele. Nilisikia breki zikilia, nikaona mkia wa basi ukihama, kisha magurudumu yakapanda juu ya kokoto zilizokuwa zimetawanyika na basi likaanza kuteleza upande kuelekea tulikokuwa. Mama alirukia mtaroni na ufagio wake mkononi. Nami niliruka. Basi lilikumba toroli, toroli likarushwa hadi penye pipa, na pipa likapinduka.

Lami ya moto ilimpata yule kaka mguuni kuanzia gotini hadi kwenye wayo. Sitaeleza sauti aliyoitoa. Utingo wa basi, kwa huruma ya kweli, aliteremka mbio na kutaka kuibandua ile lami kwa mikono na kitambaa, na hapo ndipo nyapara alipomshika kiganja na kumwambia, "Usiiguse, mwanangu. Ukiivua utamvua na ngozi. Leteni maji." Tulileta mitungi yote ya maji ya kupozea mashine, tukammwagia bila kukoma, mama akishika kichwa chake mapajani na kumsemesha kwa upole, hadi pikapu ya mkandarasi ilipofika na kumchukua hospitalini, nasi tukiendelea kummwagia maji hata ndani ya pikapu. Daktari alituambia baadaye kwamba maji yale mengi, na lami kuachwa mahali ilipokuwa, ndivyo vilivyoupunguzia mguu madhara. Tangu siku hiyo sijakubali pipa la lami liwashwe mahali pasipo na maji ya kutosha karibu.

Dereva wa basi hakukimbia. Alikuwa mtu mzima, mikono ikimtetemeka, na abiria wengine walikuwa wakimtukana. Nyapara alimkalisha kwenye jiwe, akamwuliza kwa heshima, "Bwana, uliiona bendera?" Akajibu, "Niliiona, mzee wangu. Lakini nilipoiona nilikuwa nimeshafika." Akainuka akatuonyesha mti aliokuwa ameufikia alipotambua kwamba kile chekundu kivulini ni bendera na nyuma yake kuna watu. Kutoka kwenye mti huo hadi penye shimo palikuwa kama nguzo moja ya simu hadi nyingine. Nyapara aliweka jiwe chini ya mti ule, akalipaka lami ili lisisahaulike.

Kesho yake asubuhi mhandisi wa mkandarasi alikuja mapema na kutaka kazi iendelee, kwa kuwa siku za kandarasi zilikuwa zikihesabiwa. Nyapara alimsalimu, akamwambia, "Injinia, watu wangu hawaingii barabarani leo kabla hujatazama jambo moja." Mhandisi alisema kwamba dereva ndiye mwenye makosa, kwamba alikwenda kasi, na kwamba polisi watamshughulikia. Nyapara alimjibu, "Hata akifungwa, kesho atapita mwingine kwa kasi ile ile. Mimi siwezi kumchagua dereva atakayepita. Naweza kuchagua kibao nikiweke wapi." Neno hilo sijalisahau, na kila nilichojifunza baadaye kuhusu kazi hii kimelithibitisha.

Aliomba pikapu ya mkandarasi. Watu wote waliondolewa barabarani, vijana wawili wakasimama mbali kila upande kuzuia magari, na koleo likawekwa penye shimo kuwa alama. Dereva wa pikapu aliambiwa aje kwa kilomita 80 kwa saa na akanyage breki atakapolifikia jiwe lililopakwa lami, wala si kabla. Pikapu ilikuja tupu, bila mzigo, magurudumu yake mazuri, barabara kavu, na dereva akijua kabisa kwamba atasimama. Alilipita koleo, akasimama mbele yake mbali kiasi kwamba mhandisi alilazimika kutembea kumfikia. Kisha akaambiwa aje kwa kilomita 40. Safari hiyo alisimama kabla ya koleo, na nafasi iliyobaki ilitosha kuegesha gari jingine. Mhandisi alinyamaza, akatoa daftari.

Baadaye, nilipopata mafunzo ya usimamizi wa kazi za barabara, nilielewa hesabu iliyo nyuma ya jaribio lile. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 kila sekunde, na dereva huhitaji sekunde moja na nusu hadi mbili kuona, kuelewa na kuanza kukanyaga breki, kwa hiyo zaidi ya mita 30 hupotea kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Mwendo ukiongezwa maradufu, umbali wa breki zenyewe huongezeka mara nne. Ndiyo maana kizibao peke yake hakimlindi mtu. Rangi yake angavu husaidia mchana, na mikanda yake hurudisha mwanga wa taa za gari usiku, yote mawili yakiwa safi; lakini kazi yake ni kumfanya mtu aonekane, na kuonekana kunafaa pale tu dereva anapobakiwa na umbali wa kutenda jambo. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 vililazimishwa kwa magari ya abiria nchini Kenya mwaka 2004, na nilivifurahia, ila hata gari linalotii kikomo hicho lingelipita koleo la nyapara wetu.

Kazi ilisimama hadi vifaa vilipoletwa kutoka Mombasa. Tuliporudi, kibao cha kwanza kiliwekwa kabla ya kona, zaidi ya mita 300 kutoka kwetu, kikafuatwa na cha kupunguza mwendo, kisha koni zilizopangwa mshazari ili magari yaondolewe upande wetu polepole. Mshika bendera alisimama upande wa juu wa kona, mahali ambapo yeye huliona gari na gari humwona yeye, na mwenzake upande wa Gede, kila mmoja akiwa na filimbi ambayo mlio wake mmoja ulikuwa na maana moja tu: acha kila kitu, ruka mtaroni. Tipa iliegeshwa baina ya magari yajayo na wafanyakazi, ikiachwa nafasi mbele yake na magurudumu yakikatwa kuelekea nje, ili ikigongwa isiwasukumie watu. Pipa la lami lilihamishiwa nje kabisa ya barabara. Vizibao vilifuliwa, na vilivyoharibika vikabadilishwa. Na kivuli cha msitu kilipoanza kugusa mstari wa katikati, nyapara alifunga kazi, hata kama shimo moja limebaki.

Mhandisi aliyalalamikia masaa hayo ya jioni yaliyopotea. Ninavyoona mimi, hakuna kilichopotea, kwa sababu watu waliojua kwamba wamelindwa walifanya kazi kwa haraka na kwa unadhifu zaidi kuliko walipokuwa wakigeuka kutazama nyuma kila gari lilipopita.

Kaka wa Msabaha alikaa hospitalini muda mrefu. Malipo yake yalichelewa, na nyapara alikwenda ofisini kwa mkandarasi mara kwa mara kuyadai, akiwa amebeba daftari ambamo mhandisi mwenyewe aliandika matokeo ya lile jaribio la pikapu. Mguu ulipona ukiwa na kovu, akarudi kazini kama mtunza stoo. Miaka mingi baadaye Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 14, iliweka wazi kwamba mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na kwamba mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pa hatari kabla ya kuiondoa. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ilipitishwa mwaka huo huo. Nyapara wetu alisimama mbele ya mhandisi bila kifungu hicho mkononi.

Magenge makubwa ya barabara siku hizi huwa na koni na vibao vya kutosha. Ninaowahofia ni wale wa vikundi vidogo, wafyekaji wa majani na wazibuaji wa mitaro, wanaopewa kizibao na panga na kuachwa ukingoni pamoja na bodaboda zinazopenya kila upande. Nikiwakuta baina ya Malindi na Gede nasimamisha gari mbali, namsalimu msimamizi wao, na kumwuliza kibao chao cha kwanza kiko wapi. Na kikiwa pale pale walipo, namwomba tukipeleke pamoja hadi ng'ambo ya kona.