Ninavyompa kila fundi bima inayomfaa

Ushauri ninaouchoka saiti ni huu: "Kata CAR ya mkandarasi mkuu (bima ya hatari zote za ujenzi), wote mtakuwa salama." Anayeusema kwa kawaida hajafungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa. CAR inalinda kazi inayojengwa na, katika sehemu yake ya pili, madhara kwa watu wa nje. Kibarua aliyeanguka jukwaani hayumo, lori lenye usajili wa barabarani halimo, na gharama ya kurekebisha mchoro mbovu haimo.

Mimi huuliza hivi kwa kila fundi: akikosea kitaharibika nini, cha nani, na kitaonekana lini?

Hilo "lini" ndilo linalomtenga fundi bomba na fundi umeme. Kiungo cha bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) kilichochomwa nusunusu kinaweza kuanza kuvuja miezi mingi baada ya funguo kukabidhiwa. Waya usiokazwa vizuri kwenye DB (sanduku la kugawia umeme) huchemka taratibu mpaka viyoyozi viwashwe vyote pamoja. Wakati huo CAR imeshaisha, au iko kwenye kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano), ambacho kikiwa cha kawaida hulipa tu uharibifu utakaofanywa na fundi aliyerudi kurekebisha. Hawa wawili nawadai bima ya dhima (inayolipa madhara uliyowasababishia wengine) inayoendelea kufanya kazi baada ya makabidhiano. Hata hiyo italipa dari iliyolowa, si kiungo chenyewe.

Mchimbaji wa msingi ndiye anayenikosesha usingizi, hasa sehemu kama Kariakoo ambako ukuta unagusana na ukuta. Fomu nyingi za CAR hazilipi jengo la jirani lililoathiriwa na mtetemo au kuondolewa egemeo (udongo unaolishikilia) mpaka ununue nyongeza. Kwenye fomu za Munich Re, kampuni ya Kijerumani inayozikatia bima kampuni za bima, nyongeza hiyo ni namba 120. Ukishainunua, soma masharti yake: jengo la jirani liwe lilikuwa zima kabla ya kazi, hatua za kuzuia ziwe zimechukuliwa, na nyufa za juujuu zisizotishia uimara hazilipwi. Ndiyo maana kijiko cha kuchimbia hakiguswi kabla ya kupiga picha kuta za majirani zote, ndani na nje, kwa tarehe, na rula imewekwa kando ya kila ufa. Namba 102 inahusu nyaya na mabomba ya ardhini: lazima uwe umeuliza TANESCO na mamlaka ya maji mahali yalipopita. Omba majibu kwa maandishi.

Kwa mchomeleaji, bima huja na masharti ya moto: kizimamoto karibu, vitu vinavyowaka viondolewe, na mtu abaki kuangalia baada ya kazi, mara nyingi nusu saa au saa nzima. Nayanakili masharti hayo neno kwa neno kwenye karatasi ya kibali cha kuchomelea, msimamizi anaisaini kila siku kabla mashine haijawashwa. Wachomeleaji hulalamika kwamba ni urasimu. Walalamike. Mkaguzi wa hasara akifika, faili linamsubiri, na kisingizio cha "hamkutimiza masharti" kinakosa pa kushika.

Fundi wa kuezeka: andika urefu halisi wa jengo kwenye fomu, usiupunguze ili ada ishuke. Fundi rangi anahitaji dhima ndogo tu, ila asiyetumia brashi, anayepuliza, aeleze hivyo. Upepo hupeleka rangi kwenye magari ya watu.

Wafanyakazi wa kila mwajiri Tanzania Bara wako chini ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), kwa hiyo nadai uthibitisho wa usajili wa kila mkandarasi mdogo. Fundi anayejitegemea si mwajiriwa wa mtu. Huyo nampatia bima ya ajali binafsi, ambayo ada yake haifikii hata bei ya tripu chache za mchanga.

Kwenye kiwango cha bima ndiko wengi wanakoumia. Mkataba ni milioni 140, mwenye nyumba analeta marumaru na nondo za milioni 60, mtu anakata bima ya 140. Hasara ya milioni 30 ikitokea, analipwa 21 tu, kwa kuwa amekatia 140 kati ya thamani halisi ya 200, yaani asilimia 70, kisha kiasi cha kubeba mwenyewe kinakatwa humo. Vifaa vya mwenye nyumba vihesabiwe.

Ujanja ninaoupenda kuliko yote hauna gharama. Namwandikia dalali wa bima barua pepe yenye tukio: "Bati limeanguka kwenye gari la jirani saa kumi jioni, fundi ni wa mkandarasi mdogo. Kifungu gani kinalipa, nami nabeba kiasi gani?" Akijibu kwa simu, namtumia swali lile lile tena. Dalali mzuri hujibu kwa namba ya kifungu. Mwingine hujibu "usijali bosi", na huyo namwacha. Hati ikija naihakiki kwenye TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima), naangalia kama makandarasi wadogo wametajwa kuwa wakatiwa bima, kisha naangalia tarehe ya mwisho. Ujenzi ukichelewa, ombi la kuongeza muda liende kabla ya tarehe hiyo.