Mnene mie, sukari kapata dada

Nimerudi jana na boti kutoka Pemba na bado kichwa kinanizunguka, wala sio mawimbi, ni ile namba ya dada.

Kisa chenyewe hiki. Mama ana sukari tokea mie nipo skuli, bibi mzaa mama alikuwa nayo mpaka akakatwa kidole cha mguu, mjomba nae hivyo hivyo. Kwetu Wete watu washazoea, wanasema ukoo ule una sukari kwenye damu. Na mnene wa nyumba ndie mie, tokea mdogo, yaani nikivuta sahani ya pili ya biriani macho yote yananifata mpaka mdomoni, "mwanangu angalia, bibi yako alianza hivyo hivyo." Dada yeye mwembamba kama chelewa, anakula halua kama mtu anaetafuna njugu na hakuna aliewahi kumwambia neno.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anajipima kabla ya chai. Kimashine chake anakiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vijiti vyake, mie kwa mzaha nikatoa kidole nikasema hebu na mie tujue moja. 5.3. Mama akanitazama kama nimemdanganya. Dada anacheka, akatoa chake, tukamchoma tukambinya ikatoka tone dogo limekoza, tukaligusisha kijiti, mashine ikahesabu tano, nne, tatu, mbili, moja, 9.1. Na hajatia kitu mdomoni tokea usiku. Mama akasema nenda kanawe labda umeshika sukari (na hilo ni kweli kabisa, mkono wenye sukari unaipotosha mashine), akanawa kwa sabuni, akajifuta, kidole chengine, 8.8. Hakuna aliesema kitu, maji ya chai yakafurika yakazima jiko ndio tukashtuka.

Kipimo cha kidole sio hukumu, hilo nalijua. Hujala na ikafika 7 au zaidi inabidi warudie hospitali kwa damu ya mshipani. Juzi Jumatatu nikamsindikiza, wakarudia, ni yenyewe.

Sasa mie usiku wa Jumamosi sikulala, nikawa nasoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nilokuwa sijui ni kwamba unene una urithi wake na sukari ina urithi wake, vinakutana njiani lakini sio kitu kimoja. Asubuhi nikamwelezea mama habari za jeni, mama kasikia jini, akapiga audhubillahi akataka kuniwashia ubani. Ikabidi nianze upya: mama, ni yale maandishi madogo ndani ya mwili, nusu unayapata kwa baba nusu kwa mama, ndio yanafanya pua yangu iwe ya kwako.

Iko moja inaitwa FTO, Waingereza waliitangaza 2007, na walikuwa wanatafuta jeni za sukari wakaangukia ya unene. Mwenye ile aina yake mbaya kwa pande zote mbili, ya baba na ya mama, kwa wastani anamzidi asienayo kama kilo 3. Inamchezea mtu hamu ya kula, kushiba anachelewa, na sukari ikimpata inapitia huko huko kwenye uzito. Kilo 3 tu! Mie nimezidi zaidi ya hizo, kwa hiyo zilobaki nadhani ni biriani.

Nyengine inaitwa TCF7L2, hii imegunduliwa Iceland 2006, na hii haina habari na kitambi cha mtu, inaifanya kongosho iwe nzito kutoa insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, ya kutosha sukari ikipanda. Kila nakala moja unayorithi inakuongezea uwezekano wa kuugua kama asilimia 40. Sisemi dada anayo, hajapimwa, na aina zenyewe zinazojulikana ni mamia, kila moja inasukuma kidogo kidogo. Isitoshe miaka mingi damu zilizochunguzwa zilikuwa za Wazungu zaidi, 2019 ndio ikatoka moja ilopatikana kwa Waafrika, watu wa Nigeria, Ghana na Kenya. Lakini nilipoifahamu ile ya kongosho nikamuona dada na chelewa lake na nikakasirika kweli, kwa sababu miaka yote hii ulinzi wote uliwekwa kwangu, mlango wake ukaachwa wazi. Ingekuwa mtu anakonda kwa maneno ningekonda mie.

Ami alipita jioni, akasema kaandikiwa huyo. Sibishani nae, lakini hata mama kaandikiwa na vidonge anameza.

Nikamtajia ule utafiti wa Marekani wa 2002, watu zaidi ya 3,000 walokuwa karibu na kuugua, walioambiwa wapunguze uzito kidogo na watembee dakika 150 kwa wiki, waliougua wakapungua kwa asilimia 58. Na baadae wakaangalia wale wenye TCF7L2 mbaya pande zote mbili, na wao ikawafaa vile vile. Ami akasema basi anza wewe. Haya.

Vijiti vikabaki vinne kwenye kopo. Tuna mdogo wetu wa kiume, mwembamba mwengine, anacheza mpira, nae akagoma katakata, "mie mzima, mwanamichezo, mnanitia mikosi." Nikapanda boti hajapimwa. Dada alikuja mpaka bandarini akanikabidhi kikapu chake cha halua, hakijafunguliwa, hakusema kitu na mie sikusema kitu.

Leo asubuhi mama kapiga simu, kijana kakubali baada ya kutishiwa radhi. 5.9, hajala. Wamarekani wanaanza kukutilia shaka toka 5.6, Shirika la Afya Duniani wanangoja mpaka 6.1, na mama anataka jibu moja tu, nzuri au mbaya. Nimemwambia mtandao unakatika, ntampigia.