Kubadilisha chungu cha okidi: kinachookolewa ni mizizi

Okidi nyingi za ndani haziuawi na kiu. Huuawa na maji yaliyotuama kwenye magome yaliyochakaa, mizizi ikikosa pumzi. Phalaenopsis, ile yenye maua mapana kama vipepeo, kwa asili huishi juu ya miti ikiwa imekumbatia gome tu. Mizizi yake imevikwa ganda linalofanya kazi kama sponji: hunywa mvua kwa dakika chache, kisha upepo huikausha. Ikiwa mikavu huwa na rangi ya fedha, ikishalowa hugeuka kijani.

Chunguni, vipande vya magome ya msonobari ndivyo vinavyoshika nafasi ya mti. Baada ya mwaka mmoja hadi miwili magome huoza, yakalainika kama machicha, na nafasi za hewa zikaziba. Hiyo ndiyo sababu ya kuhamisha. Mizizi inayochungulia nje ya ukingo haimaanishi chungu kimekuwa kidogo. Ndiyo tabia yake. Chomoa kipande cha gome kutoka chini kidogo ukipondeponde kwa vidole. Kikisagika, au kikinuka uvundo, muda umefika.

Subiri maua yaishe na ncha mpya za mizizi zianze kutokeza. Ukiihamisha ikiwa na vitumba, huenda vikapukutika vyote. Lakini mizizi ikiwa inaoza usingoje. Kata bua la maua uhamishe leo.

Loweka magome mapya usiku kucha, kwa sababu gome kavu huyakataa maji, yakapita tu hadi chini. Vipande vya sentimita 1 hadi 2 vinafaa. Vipande vya makumbi ya nazi navyo vinafaa, ila huwa na chumvi: loweka, mwaga maji, rudia mara tatu. Makaa ya kuni kidogo hayana ubaya. Udongo wa bustani, hata uwe na rutuba namna gani, hapana.

Pitisha mkasi kwenye moto kabla ya kuanza, na tena kabla ya kugusa mmea mwingine. Virusi vya okidi husafiri kwa utomvu uliobaki kwenye makali, na spiriti si ya kutegemewa kuviua.

Tumbukiza chungu ndani ya maji dakika 15 au 20 ili mizizi ilegee, maana mikavu huvunjika kama vijiti. Minyaminya kuta za chungu, toa mmea, kung'uta magome ya zamani. Chini ya shina, katikati kabisa, mara nyingi kuna bonge dogo la sponji au vigoga vilivyokauka, lililobaki tangu mmea ukiwa mche. Bonge hilo hukaa limelowa wakati kwingine kumekauka, na kuoza huanzia hapo. Litoe kwa kibano.

Sasa bana mzizi mmoja mmoja. Mzima ni mgumu, hata ukiwa wa kahawia kwa kukosa mwanga. Usiuhukumu kwa rangi. Uliooza hubonyea, ganda lake likavuka kama soksi, ukabaki umeshika uzi mwembamba. Kata hadi penye ugumu. Unga wa mdalasini upake kwenye kidonda cha shina ukitaka, usiupake mizizi: huikausha.

Chungu hupimwa kwa mizizi iliyobaki, si kwa majani. Acha nafasi ya sentimita 1 au 2 pembeni, basi. Mara nyingi kile cha zamani, kikioshwa, kinatosha, na kama umekata mizizi mingi utahitaji chungu kilicho kidogo kuliko hicho. Kikubwa kupita kiasi hukawia kukauka. Cattleya na Dendrobium, okidi za aina nyingine, hutambaa kuelekea upande mmoja, kwa hiyo egemeza sehemu kuukuu ukingoni, chipukizi litazame penye nafasi.

Kalisha mmea ili jani la chini kabisa liwe juu tu ya usawa wa magome. Mimina magome, gongagonga chungu, sukumia kwa kijiti; usishindilie kwa dole gumba. Ukiinua mmea taratibu, chungu kifuate. Ukiyumba, ufunge kwenye kijiti chembamba, la sivyo ncha mpya zitasuguliwa. Mizizi iliyozoea kuning'inia hewani iache huko huko.

Usimwagilie siku 4 hadi 7 ili vidonda vikauke. Mbolea ingoje mwezi. Maji yakiingia kati ya majani ya juu yafyonze kwa karatasi laini, kwani kitovu kikioza Phalaenopsis mara chache hupona. Jani moja la chini kugeuka njano ni kawaida. Majani yakinyauka wengi huongeza maji, na hapo ndipo huharibu: mizizi ni michache, haiwezi kuyanywa. Sogeza mmea mbali na jua kali, ongeza unyevu wa hewa, subiri mizizi mipya.