Je, Mungu Naye Bado Anajifunza?

Masomo ya wiki: 1 Samweli 15, Malaki 3:6, Zaburi 88

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mtoto akifa kwa malaria na wa jirani akapona, swali humjia hata aliyeokoka zamani: au Mungu naye bado anajifunza? Swali hilo si kufuru. Alfred North Whitehead, mwanahisabati Mwingereza aliyefiwa na mwanawe vitani mwaka 1918, alifundisha kwamba Mungu hamshurutishi yeyote. Huvuta kwa upole, huumia pamoja na viumbe, na yanayowapata humwongeza.

Wenye mawazo hayo wana aya mkononi. Katika 1 Samweli 15, aya ya 11, Mungu anajuta kumtawaza Sauli. Aya ya 29 inasema hajuti, kwa kuwa si mwanadamu. Aya ya 35 inafunga sura: amejuta. Mwandishi hakusinzia. Ukishika ya 29 peke yake, unabaki na Mungu asiyesikia kilio; ukishika hizo mbili nyingine tu, unapata Mungu aliyebahatisha. Aliyegeuka ni Sauli, aliyeamriwa kuwaangamiza Waamaleki akambakiza mfalme wao Agagi na kondoo walionona, na Mungu yule yule akamwelekea kwa namna nyingine. Yeremia 18:7-10 inaeleza utaratibu huo kwa mataifa. (Amri ya kuwaua Waamaleki, aya ya 3, ni mzigo mwingine kabisa, nao ni mzito, hatuumalizi leo.)

Sasa mpeleke Mungu anayekua kwa mama aliyefiwa. Atafarijika kusikia kwamba Mungu analia naye, na hilo ni kweli, Yesu alilia njiani kwenda kaburini kwa Lazaro. Lakini kama Mungu anakua kwa yanayotupata, basi mtoto wake amekuwa somo la Mungu. Na anayejifunza leo, kesho anaweza kujifunza jingine. Malaki anasema wazi: "Kwa kuwa mimi, BWANA, sina kigeugeu; ndio maana ninyi hamkuangamizwa."

Kwa nini mtoto yule? Hatujaambiwa. Hapo ndipo tunapoharibu: maiti haijazikwa, mtu keshasimama na "ni mpango wa Mungu". Wiki hii ukienda msibani, kaa na wafiwa, saidia kuteka maji, usifafanue. Ukiombwa kusoma, soma Zaburi 88, aya zote 18, polepole, wala usikimbilie Zaburi ya 23 kuifunika. Inaishia gizani. Hata hivyo malalamiko yote anaambiwa Mungu mwenyewe, na aya ya kwanza inamwita Mungu wa wokovu.

Anayeogopa kulalamika hivyo afungue Ayubu 42:7-8. Rafiki watatu waliomtetea Mungu kwa hoja safi wanaambiwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, walete ng'ombe waume 7 na kondoo waume 7, na atakayewaombea ni Ayubu.